Mawe ya Normandy Hayatulii

Kanisa la abasia ya Jumièges halina paa. Mvua ikikukuta katikati yake utalowa chepechepe, na hakuna pa kujibanza. Kuta mbili ndefu zipo. Minara miwili ya mbele ipo pia, kila mmoja ukienda juu karibu mita 46. Chini, mahali ambapo watu walipiga magoti, ni nyasi. Upande wa ndani, palipokuwa na mnara mkuu, umebaki ukuta mmoja wenye tao kubwa, umesimama bila cha kuegemea.

Ukiulizwa nani alilivunja kanisa hili, bila shaka utajibu: vita. Jibu zuri, ila si kweli. Aliyelivunja alikuwa na hati halali ya kulimiliki.

Sikilizeni ilivyokuwa. Mwaka 1789 Wafaransa walifanya mapinduzi. Mali za kanisa zikatangazwa kuwa mali ya taifa, watawa wakaondolewa, na majengo yao yakauzwa. Jumièges ikaishia mikononi mwa mfanyabiashara wa mbao. Yeye hakuona kanisa. Aliona shehena ya mawe yaliyokwisha kuchongwa, yasiyohitaji kuchimbwa wala kusafishwa. Mwaka 1802 akatia baruti, sehemu ya ndani ikaporomoka, mawe yakauzwa. Wako walioyajengea nyumba, ghala, hata kuta za bustani. Katikati ya karne ya 19 familia nyingine ilinunua kilichobaki, ikasema basi, lisiguswe tena jiwe. Tunachokiona leo ni hicho walichokiwahi.

Kwa hiyo ukitembelea majengo ya kale ya Normandy, usiishie kuuliza limejengwa lini. Uliza jiwe hili limetoka wapi, na mwenzake amekwenda wapi. Mawe ya huko hayatulii.

Normandy iko kaskazini magharibi mwa Ufaransa, ng'ambo ya bahari kutoka Uingereza. Mto Seine unapita humo ukijipinda-pinda hadi baharini, na Jumièges imekaa ndani ya mojawapo ya mapindo hayo. Abasia hiyo ilianzishwa na Mtakatifu Philibert mwaka 654. Mwaka 841 wakaja Waviking, mabaharia kutoka kaskazini ya mbali. Walipanda mto kwa makasia, wakaichoma moto. Waliendelea kuja miaka nenda miaka rudi, mpaka mwaka 911 mfalme wa Ufaransa akaona afadhali wakae, akampa kiongozi wao Rollo ardhi kando ya Seine. Watu wa kaskazini, yaani Wanormani, ndio walioipa nchi jina. Na vituko vya historia hivi: wajukuu wa wachomaji ndio walioijenga upya Jumièges, kubwa kuliko ya mwanzo. Kanisa hili tunalolizungumzia liliwekwa wakfu mwaka 1067, na aliyekuwepo siku hiyo ni mtawala wa Normandy, William, aliyekuwa ameiteka Uingereza mwaka mmoja tu kabla.

Labda mmoja wenu anajiuliza abasia ni kitu gani. Ni makao ya watawa wanaoishi pamoja chini ya kiongozi wao, abate: wanasali kwa saa zilizopangwa usiku na mchana, wanafanya kazi kwa mikono, wanasoma, na hakuna anayemiliki kitu binafsi. Watawa wa Jumièges walifuata kanuni iliyoandikwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6. Msidhani ni mambo yaliyokufa. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofuatwa leo na Wabenedikto wa Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania. Mtawa wa Peramiho akipelekwa Jumièges angeweza kukuonyesha bila ramani chumba cha kulia kilikuwa wapi na ua wa ndani ulikuwa wapi, maana mpangilio wa maisha ni ule ule.

Sasa tumfuate William hadi mji wake, Caen.

William alitaka kumwoa Matilda, binti wa mtawala wa Flanders. Mwaka 1049 Papa Leo wa 9 akakataza ndoa hiyo. Inadhaniwa sababu ilikuwa undugu. Wakaoana hata hivyo. Miaka ikapita, Roma ikalegeza kamba, na masimulizi yanasema sharti la kusamehewa lilikuwa kila mmoja ajenge abasia. Ndiyo maana Caen ina abasia mbili, moja kila upande wa mji: ya wanaume, iliyojengwa na William, na ya wanawake, iliyojengwa na Matilda. Kati yao iko ngome. Mimi naona ile ya Matilda ndiyo nzuri zaidi, ingawa wageni wengi huenda kwa William kwanza.

Kwa William kuna somo moja la ujenzi ambalo halihitaji kitabu. Simama katikati ya kanisa lake la Saint-Étienne na utazame upande wa mlangoni: matao yote yana vichwa vya mviringo. Hayo ni ya karne ya 11. Geuka utazame upande wa altare: matao yamechongoka juu. Hayo ni ya karne ya 13. Tao la mviringo husukuma mzigo wake pembeni kwa nguvu, kwa hiyo linataka ukuta mnene wa kulizuia, na ukuta mnene haupendi madirisha makubwa. Tao lililochongoka huteremsha sehemu kubwa zaidi ya mzigo chini kwenye nguzo, na kinachobaki kinazuiwa na mihimili ya mawe iliyosimama nje. Ukuta ukapata nafuu, mafundi wakautoboa madirisha marefu, mwanga ukaingia. Ukilijua hilo, unaweza kuingia kanisa lolote la kale la Ufaransa na kukisia umri wake kabla hujasoma kibao cha mlangoni.

Na jiwe lenyewe? Jiwe la Caen ni jiwe la chokaa, rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Likitoka ardhini lina unyevu na ni laini kwa tindo. Likishapigwa na upepo linakuwa gumu. Waashi walilipenda kwa sababu hiyo. Kwa kuwa machimbo yalikuwa karibu na mto Orne, lilipakiwa majahazini na kuvushwa bahari. William aliposhika Uingereza, jiwe la Caen lilimfuata: limo katika Mnara wa London, na limo pia katika kanisa kuu la Canterbury. Siku zile kubeba jiwe kwa njia ya nchi kavu kuliwatoa watu jasho na fedha. Maji yalibeba kwa bei ya chini. Ndiyo maana jiwe lingeweza kufika London kwa urahisi kuliko kufika kijiji cha bara chenye njia mbaya.

William mwenyewe alifariki mwaka 1087 huko Rouen, na mazishi yake ni kisa cha pekee. Mtawa Orderic Vitalis, aliyeandika historia ya Wanormani, anasimulia kwamba maiti ilipofikishwa Saint-Étienne, mtu mmoja aitwaye Ascelin alisimama mbele ya maaskofu akapaza sauti: uwanja huu ni wa baba yangu, alinyang'anywa na huyu mnayetaka kumzika! Majirani wakathibitisha, na ikabidi alipwe fedha palepale ili mazishi yaendelee. Halafu wakakuta jeneza la jiwe ni dogo. Mfalme alikuwa mnene, mwili ulikuwa umevimba, wakaulazimisha uingie. Ukapasuka. Harufu ilivyokuwa, ubani haukufua dafu, na mapadri walimaliza ibada mbio mbio. Hata hapo hakuachwa: mwaka 1562, wakati wa vita vya dini, kaburi lake lilivunjwa na mifupa ikatawanywa. Inasemekana umesalia mfupa mmoja wa paja.

Zaidi ya miaka mia nane baada ya mazishi hayo, kanisa hilo lilipata kazi nyingine. Juni 1944 majeshi ya Washirika yaliteremka kwenye fukwe za Normandy kuwafukuza Wajerumani, na Caen ikapigwa mabomu wiki baada ya wiki. Maelfu ya raia walikimbilia Saint-Étienne na majengo ya abasia, wakalala sakafuni na vyombo vyao na watoto wao. Wengine maelfu walishuka kwenye machimbo ya kale ya Fleury, nje kidogo ya mji, mapango yaliyobaki baada ya jiwe kuchimbwa na kupelekwa kujenga mahali pengine. Kanisa halikuanguka.

Tupande mto Seine sasa, kuelekea ngome. Juu ya mji wa Les Andelys kuna jabali jeupe la chaki, na juu yake, karibu mita 90 kutoka mtoni, ziko kuta zilizomeguka za Château Gaillard. Aliyeijenga ni Richard Moyo wa Simba, mfalme wa Uingereza na mtawala wa Normandy, kilembwe cha William. Adui yake alikuwa Philippe wa Pili, mfalme wa Ufaransa, aliyekuwa akiisogelea Rouen. Richard alitaka komeo la kufunga njia ya mto. Ardhi ilikuwa ya askofu mkuu wa Rouen, naye akakasirika hadi akafunga ibada Normandy nzima. Richard hakusubiri. Mwaka 1196 kazi ikaanza, na kufikia 1198 ngome imesimama. Kwa kazi ya ukubwa ule, miaka miwili ilikuwa kasi ya ajabu.

Itazameni ilivyopangwa. Upande mmoja tu ndio adui angeweza kuujia kwa miguu, kutoka kwenye uwanda wa juu. Pande nyingine ni magenge. Basi upande huo Richard akaweka boma la kwanza lenye umbo la pembetatu, ncha ikimwelekea adui. Nyuma yake handaki lililochimbwa ndani ya mwamba. Kisha boma la pili, kisha handaki jingine, kisha boma la tatu ambalo ukuta wake wa nje haukunyooka: umejaa mapindo ya nusu duara yaliyobanana, ili jiwe la kombeo likiupiga liteleze pembeni. Ndani kabisa ukasimama mnara mkuu. Adui akivunja ukuta mmoja, anajikuta mbele ya mwingine, akipigwa mishale kutoka juu.

Richard hakuiona ikijaribiwa. Alifariki mwaka 1199 kwa jeraha la mshale alipokuwa akizingira ngome nyingine, na mdogo wake John akarithi. Mwaka 1203 Philippe akafika na jeshi lake, akakata mahandaki kuizunguka ngome, akakaa kusubiri.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya picha hulipita haraka. Watu wa mji mdogo wa chini walikuwa wamekimbilia ndani ya ngome: wazee, akina mama, watoto. Kamanda wa ngome, Roger de Lacy, alihesabu chakula akaona hakitoshi, akawatoa nje. Makundi ya kwanza Wafaransa waliyaruhusu yapite. Kundi la mwisho, Philippe alikuwa amekataza. Wakarudi langoni, lango limefungwa. Wakabaki kati ya kuta na jeshi, kwenye miteremko, miezi ya baridi kali, wakila majani na chochote walichookota. Wengi walikufa. Guillaume le Breton, kasisi wa mfalme Philippe, ndiye aliyeyaandika, na hakuficha kwamba bwana wake alichelewa sana kabla ya kuwahurumia. Miteremko hiyo leo ni majani mabichi na watu huketi hapo kula mikate yao. Mimi nisingewakataza, ila ningependa wajue wamekalia wapi.

Ngome yenyewe ilianguka boma kwa boma. La kwanza lilichimbwa chini ya mnara wake wa kona: wachimbaji walikula mwamba, wakashikiza dari kwa magogo, wakayachoma, mnara ukashuka. La pili liliponzwa na John. Alikuwa ameongeza jengo lenye kanisa dogo na vyoo, na askari wachache wa Philippe wakapata upenyo hapo. Wengine husema waliingia kwa dirisha la kanisa, wengine kwa shimo la choo. Watoto wote ninaowajua huchagua choo. Wakiwa ndani wakapiga kelele nyingi kuliko idadi yao, walinzi wakadhani jeshi zima limeingia, wakatimkia boma la tatu. Na huko kulikuwa na kosa la fundi: handaki lilivukwa kwa daraja la mwamba ambalo halikuwahi kukatwa, na chini ya daraja hilo wachimbaji wakapata kivuli cha kujikinga na mishale. Tarehe 6 Machi 1204 ngome ilisalimu amri. Kabla ya mwisho wa Juni, Rouen nayo ikafungua malango, na Normandy ikawa ya mfalme wa Ufaransa.

Lakini si Philippe aliyeiacha kama unavyoiona. Karibu miaka 400 baadaye, mwaka 1599, mfalme Henri wa Nne aliamuru ibomolewe ili majambazi na waasi wasijifiche humo. Watawa Wakapuchini wakaomba mawe kwa ajili ya makao yao, wakapewa. Ngome ikashuka mlimani ikawa nyumba ya sala.

Nimewawekea mwisho Mont-Saint-Michel, kwa sababu pale jiwe halikushuka. Lilipandishwa, na kwa shida.

Ni kilima cha mwamba kilichochomoza katikati ya ghuba. Maji ya ghuba hiyo yana tabia kali: wakati wa bamvua, tofauti kati ya kupwa na kujaa inafika mita 14 hivi. Yakipwa, mchanga unatandazika hadi upeo wa macho, na sehemu nyingine mchanga huo unadidimiza mtu. Kuna kitambaa cha karne ya 11 kinachojulikana kwa jina la mji wa Bayeux, kirefu karibu mita 70, kilichotariziwa habari za William, na kipande kimoja kinaonyesha askari wakizama karibu na Mont-Saint-Michel huku Harold, ambaye baadaye alipigana na William kugombea taji, akiwavuta kutoka mchangani, mmoja mgongoni, mwingine kwa mkono.

Hadithi ya mahali pale inaanza mwaka 708. Aubert, askofu wa Avranches, aliota Malaika Mkuu Mikaeli akimwagiza ajenge mahali pa sala juu ya mwamba. Akapuuza. Akaota tena, akapuuza tena. Mara ya tatu malaika akamgonga kichwani kwa kidole. Fuvu linalosemekana kuwa la Aubert liko Avranches hadi leo, na lina tundu.

Mwaka 966 wakaja Wabenedikto, na mwaka 1023 wakaanza kujenga kanisa kubwa. Tatizo mnaliona: kilele cha mlima ni ncha, na kanisa ni refu. Jaribu kulaza sinia juu ya kifuu cha nazi kilichopinduliwa. Mafundi waliacha kitovu cha kanisa kikalie mwamba, kisha kuzunguka ncha wakajenga makanisa ya chini, vyumba vizito vya matao na nguzo, na mikono yote minne ya kanisa ikalala juu ya vyumba hivyo. Ukishuka huko leo unaingia gizani penye baridi, na nguzo nyingine ni nene kiasi cha kuhitaji watu kadhaa kuzikumbatia. Haikuwa mara zote wakipatia. Mwaka 1103 ukuta wa kaskazini uliporomoka. Mwaka 1421 sehemu ya altare ikaanguka yote, na iliyopo sasa ilikamilika karne iliyofuata.

Itale ya kujengea ilitoka visiwa vya Chausey, ikaletwa kwa vyombo maji yanapojaa, kisha ikavutwa kwa kamba hadi juu. Mwaka ule ule wa 1204 ambao Château Gaillard ilianguka, Wabretoni waliokuwa upande wa Philippe waliuchoma mji wa kilimani na moto ukapanda hadi abasia. Philippe akatoa fedha za kutengeneza, na kwa fedha hizo likajengwa jengo la ghorofa tatu upande wa kaskazini, ambalo Wafaransa huliita Ajabu. Chini walipokewa maskini, katikati wageni wakubwa, juu walikula na kusali watawa. Mpangilio huo unasema mengi kuhusu dunia yao. Juu kabisa kuna ua mdogo uliozungukwa na nguzo nyembamba. Ziko safu mbili, nazo zimepishana: kila nguzo ya safu ya mbele imekaa mkabala na nafasi iliyo kati ya nguzo mbili za nyuma. Fundi hakutaka mzigo mkubwa juu ya ghorofa tatu, akatafuta wepesi, akaupata.

Mbele ya mlango wa kanisa pana uwanja wazi unaotazama bahari. Zamani palikuwa sehemu ya kanisa lenyewe, ikaondolewa katika karne ya 18. Inama utazame sakafu. Baadhi ya mawe yamechongwa herufi na tarakimu. Ni alama za waashi: kila fundi alitia yake ili malipo yake yahesabike bila mabishano. Majina yao hatuyajui, ila madai yao ya mshahara tunayo.

Mapinduzi yalipofika, watawa wa hapa nao waliondolewa. Kwa nini basi Mont-Saint-Michel haikuuzwa jiwe kwa jiwe kama Jumièges? Kwa sababu serikali ilipata matumizi nayo. Iligeuzwa jela, na ikabaki jela hadi mwaka 1863. Gurudumu kubwa la mbao bado lipo katika chumba kimoja: wafungwa waliingia ndani yake wakatembea, likazunguka, kamba ikajikunja, na mzigo wa chakula ukapanda kando ya ukuta. Inaniuma kusema, lakini jela ndiyo iliyoliokoa jengo.

Mwaka 1879 lilikamilika tuta la barabara kutoka nchi kavu hadi kilimani. Wageni wakafurahi, bahari haikufurahi. Maji yalishindwa kuzunguka vizuri, tope likajaa mwaka hadi mwaka, na kisiwa kikaanza kuwa sehemu ya bara. Wafaransa wakaamua kurudi nyuma. Kwenye mto Couesnon wakajenga bwawa, lililokamilika mwaka 2009, la kukusanya maji na kuyaachilia kwa nguvu yasombe tope. Kisha wakaweka daraja lenye miguu myembamba, lililofunguliwa mwaka 2014, na lile tuta likang'olewa. Ukienda, tazama kwanza ratiba ya maji, usikanyage mchanga bila mwongozaji anayeijua ghuba, na vaa viatu vya kupandia ngazi, maana ni nyingi kweli. Ukibahatisha siku ya bamvua kubwa, hata mwisho wa daraja hufunikwa kwa muda, na wote mlio kilimani mnasubiri maji yapwe.